Mhudumu Aliyeishia Mlangoni

Inspekta Yonathani Nzowa alisimama katikati ya chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvikanyaga, na hamu aliyokuwa nayo ni ya kukipiga teke. Zulia lilikuwa nene hata viatu vyake havikutoa sauti. Kitanda kingetosha kulaza ukoo. Nje, chini ya dirisha, malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Nakonde yalijipanga pua kwa mkia, lakini vioo vya Hoteli ya Malkia wa Mpaka vilikuwa vizito, na kelele zote za Tunduma ziliishia hukohuko barabarani.

Chumba hiki alikichagua yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililomkereketa.

Kesho, mahakamani Vwawa, Mama Ketrina Halinga alipaswa kusimama na kusema alichokiona: Gwamaka, tajiri wa malori, akitoka kwenye ghala la kahawa la Nanyala na dumu mkononi, muda mfupi kabla ghala halijawaka moto na mlinzi kufia ndani. Shahidi mwingine alikuwepo, lakini huyo alishatembelewa na watu na ghafla akapoteza kumbukumbu. Yonathani akaona amfiche mama huyu mahali ambapo hakuna ambaye angemtafuta mkulima wa kahawa. Akampa jina la Bibi Mwanaasha, mfanyabiashara kutoka Dodoma. Msaidizi wake, Sajenti Sabra, akamwazima baibui na nikabu, akampitisha mlango wa nyuma juzi mchana na kumpandisha moja kwa moja hadi chumba cha juu.

Kilichomvutia Yonathani hasa kilikuwa huduma ya chumba hicho. Hoteli za kawaida watu wanaingia na kutoka chumbani kwa mgeni kama sokoni: huyu na shuka, yule na sabuni. Hapa mgeni anapewa mhudumu wake binafsi. Ndiye anayemfungulia sanduku, anayemtilia maji ya kuoga, anayemletea chai na kumtandikia kitanda. Mtu mmoja, kadi moja ya mlango, sura moja. Yonathani akamchunguza mtu huyo mmoja, Lwitiko Kibona, Mndali wa Ileje, mpaka akachoka: hanywi, hadokoi, ni mwanakwaya. Akaridhika.

Jana jioni Sabra alipiga simu, mgeni hakupokea. Walipofungua walimkuta Mama Ketrina kwenye kiti, kichwa juu ya meza, kikombe kimeanguka. Daktari alisema ni dawa ya usingizi, nyingi, ndani ya chai. Mashine ya mlango ilionyesha kwamba tangu mgeni afike hadi walipofungua wao, kadi ya Lwitiko pekee ndiyo iliyofungua. Na Lwitiko mwenyewe, bila kupigwa hata kofi, alisema, "Ndiyo, chai nilipeleka mimi."

"Kesi imekwisha, afande," Sabra alisema asubuhi hii, akizunguka chumbani. Alikuwa mtu wa Kigoma, mrefu, asiye na subira na mambo yanayojieleza. "Mkuu anataka asomewe mashtaka leo mchana. Mama akifa, ni mauaji."

"Vitu vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Vyote kituoni. Kikombe, mizigo yake iliyokuwa imejaa hapo juu ya kitanda, na yale matandiko aliyojitandikia sakafuni, pale dirishani."

Yonathani aliitikia kwa kichwa. Mama wa watu hakukiamini kitanda kile. Alikigeuza meza ya mizigo, akatandika blanketi lake chini na kulala anavyojua.

"Na hospitali wanasemaje?"

"Amefumbua macho alfajiri. Hajasema kitu bado."

Mlango uligongwa. Aliingia mwanamke mnene kidogo, sare imepigwa pasi ikanyooka, sinia la chai mikononi. Alikuwa Goodness, msimamizi wa vyumba, ambaye tangu jana alikuwa akiwahangaikia polisi kuliko walivyostahili.

"Karibuni chai, afande. Na wewe dada Sajenti. Mko humu tangu asubuhi na njaa yenu."

Sabra alilitazama birika na kuuma mdomo. Goodness aliona. Hakukasirika. Alijimiminia kikombe, akanywa mafunda mawili, akatabasamu kwa huzuni. "Nimewaonjea. Kwa yaliyotokea, hata mimi ningeogopa."

Yonathani aliona haya, akapokea kikombe. "Wewe uliingia humu tangu mgeni afike?"

"Mimi? Hapana. Chumba hiki kina mtu wake, ndiyo sheria yetu. Mimi naishia ngazini." Alikitazama kitanda, akaguna. "Ila inauma, afande. Mtu anaandaliwa kitanda kama hiki, halafu anajilalia sakafuni kana kwamba hana kwao. Wageni wengine hawajui kufaidi. Basi. Nguo zake alizopeleka Lwitiko kwa dobi zimeshanyooshwa. Nilitaka nimpelekee hospitali, na uji kidogo wa ulezi. Nimesikia amefumbua macho. Huduma ya chumba hiki humfuata mgeni hata akilazwa."

Yonathani alikuwa akiutazama mlango wa bafu, akiwaza kufuli. "Mpelekee," alisema. "Sabra, mwambie Ezron."

Sabra alimpigia konstebo aliyekuwa akilinda wodi. "Atakuja dada wa hoteli na nguo na uji. Mpitishe. Lakini mwanaume asiye daktari asivuke mlango huo, umenisikia?" Akakata simu. "Anasema chaji inamwishia."

Goodness alishukuru, akachukua sinia na kwenda zake jikoni.

* * *

Wazo la Yonathani lilikuwa jepesi. Maneno ya mtuhumiwa hupindika, lakini mikono ina kumbukumbu yake. Aliagiza Lwitiko aletwe hotelini, afunguliwe pingu, na amhudumie Sajenti Sabra hatua kwa hatua kama alivyomhudumia mgeni. Meneja, Bwana Bashiri Uledi, aliitwa awe mwamuzi. Alikuja akijifuta jasho, mtu mwenye suti ya kijivu na hofu ya magazeti.

Lwitiko aliletwa na konstebo wawili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, macho mekundu. Alitembea vizuri ukumbi mzima. Alipofika mlangoni, miguu ikagoma.

"Ingia," alisema Yonathani.

"Vitu vyake... vimeondolewa, afande?"

"Vimeondolewa."

"Na nguo?"

"Nguo, mablanketi, vyote."

Ndipo akaingia, kichwa chini, akipita kandokando ya ukuta. Sabra alimnong'oneza bosi wake, "Dhamira inamsuta."

Yonathani aliwahi kuwaona watu wengi wakirudishwa walikofanyia uovu. Wengine hutapika, wengine huchekacheka. Hakuwahi kumwona anayeulizia nguo.

"Haya, dada Sajenti, kaa ufurahi," Bwana Bashiri alianza, akijaribu uchangamfu. "Na usione aibu kuagiza. Ndilo kosa la wageni wetu wengi. Mtu analipia mhudumu, halafu anajifungulia sanduku mwenyewe, anajifulia soksi bafuni kwa siri. Anaondoka hajafaidi kitu. Mwambie unapenda nini mapema, mwachie mizigo, mwachie viatu, yeye atakumbuka."

"Mimi nimelelewa kuona aibu mtu akinifulia," alisema Sabra. Lakini alikaa, akaunyoosha mguu wenye buti la polisi.

Lwitiko alivuta pumzi. Kisha kitu kikambadilika mwilini. Mabega yalinyooka, mikono ikatulia mgongoni, na yule mahabusu mwenye shati lililokunjamana akawa mtu mwingine kabisa.

"Karibu sana, mgeni wangu. Naitwa Lwitiko. Kwa muda wote utakaokuwa nasi, lolote ulitakalo uniambie mimi. Chai unapenda ya namna gani? Mto laini au mgumu? Unapenda kuamshwa, au uamke mwenyewe?"

Sabra alimtazama Yonathani, akashindwa kujizuia. "Mto mgumu. Na chai ya tangawizi."

Alimfungulia begi. Koti la mvua na tochi ya kazi vilitundikwa na kupangwa kabatini kama mali ya waziri. Alikwenda bafuni, maji yakasikika, akayapima joto kwa kiwiko. Alirudi na kitambaa cha moto kwenye kisahani. Hakukosea hata mara moja. Bwana Bashiri alikuwa akitikisa kichwa kwa majonzi ya mtu anayeona lulu yake inatumbukia chooni.

"Sasa kitanda," alisema Yonathani. "Jioni ya kwanza ulifanyaje?"

"Nilifunua shuka la juu, afande, hivi. Nikakunja pembe, hivi. Nikaweka mto laini, ndio alioutaka."

"Asubuhi?"

"Asubuhi nikakitandika upya. Kilikuwa kimevurugika kidogo upande huu wa dirisha. Alilala vizuri."

"Alilala upande wa dirisha."

"Ndiyo, afande."

Sabra aliuvuta mguu wake taratibu. Yonathani aliweka kikombe mezani.

"Bwana Bashiri, tupishe kidogo. Na ninyi, konstebo, kaeni ukumbini."

Mlango ulipofungwa, Yonathani alimsogelea Lwitiko mpaka akasikia pumzi yake. "Mgeni hakukigusa kitanda hiki. Alikijaza mizigo. Alilala hapo ulipokanyaga sasa, sakafuni. Mtu yeyote aliyefungua mlango huu, hata kwa kuchungulia, angeyaona matandiko yale. Wewe hukuyaona, Lwitiko. Wewe hujawahi kuvuka mlango huu tangu mama yule aingie."

Lwitiko aliruka kando, kana kwamba zulia limemchoma.

"Basi anadanganya ili iweje?" Sabra aliuliza. "Akisema hakuingia, anaachiwa."

Hapo ndipo Yonathani alipokuwa amekwama pia. Mwongo hujiondoa motoni. Huyu alikuwa anajisogeza. Alikuwa tayari kuitwa muuaji, basi kuna jambo aliloliona zito kuliko jela, na jambo hilo lilikuwa mlangoni. Yonathani aliuangalia mlango. Aliikumbuka miguu iliyogoma. Na nguo, je? Na mablanketi? Kilichomtisha kilikuwa nguo na matandiko ya yule mama, tena akijua hayupo mwenyewe.

Akajikuta ameyakumbuka mahindi. Mwezi uliopita, kijijini kwa mkewe, yeye Inspekta mzima na nyota zake mabegani, alimwona mwanamke anakuja na kikapu kwenye kijia chembamba, akaacha njia na kuzama shambani. Alisimama kwenye mahindi, umande ukimlowesha suruali ya serikali, mpaka mwanamke yule alipopita. Wala hakuna aliyecheka. Angebaki njiani ndipo wangemcheka.

"Mkeo ni mtu wa wapi?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mbozi, afande."

"Mbozi ni kubwa."

"Nanyala."

"Mama yake anaitwa nani?"

Lwitiko aliyainamisha macho hadi kwenye vidole vyake vya miguu.

"Huwezi kulitaja," alisema Yonathani. "Basi nitalitaja mimi, wewe nyamaza tu. Ketrina Halinga."

Lwitiko alifunika uso kwa mikono miwili.

"Sijaelewa," alisema Sabra.

"Ni mama mkwe wake. Sajenti, kwao huyu, na kwetu pia, mwanaume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hagusi nguo zake wala matandiko. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Na sisi tumempa kazi ya kumtilia maji ya kuoga."

Sabra aligeuka kuutazama mlango wa bafu.

"Niliambiwa ni Bibi Mwanaasha wa Dodoma," Lwitiko alisema kutoka nyuma ya viganja vyake. "Nikagonga, nimekwenda kumkaribisha. Akafungua mwenyewe. Alikuwa ametoka kunawa, hana kitambaa kichwani, kanga moja tu. Afande, nilimwona. Na yeye akaniona. Aliubamiza mlango, mimi nikakimbia mpaka chini kwenye majenereta. Nilitaka ardhi ipasuke. Na huko ukweni nilisema nafanya kazi ofisini. Hawajui kwamba nakunja shuka za watu."

"Hukumwambia meneja."

"Ningemwambiaje? Nilichowaza ni kwamba lazima ahudumiwe vizuri. Ni mzazi wangu. Nikampa mwenzangu kadi, nikamwomba aingie yeye. Jana mlipokuja, akaniambia nisiseme, kutoa kadi ni kufukuzwa wote wawili. Akasema, sema umeingia wewe, huna hatia, watakuachia. Na mimi nikaona ni heri. Maana nikisema sikuingia, mtauliza kwa nini. Nisimame mahakamani niseme nilimwona mkwe katika hali ile? Mke wangu ataishi wapi?"

Yonathani alimwonea hasira na huruma pamoja. Lakini swali lingine lilikuwa limeshatangulia.

"Huyo mwenzako. Ulimpa sababu gani?"

"Ya kweli. Asingekubali bila sababu. Nilimwambia huyu si wa Dodoma, ni mama mzaa mke wangu, wa Nanyala."

Sabra alisema neno moja la Kiha, lugha ya kwao Kigoma, ambalo halikuhitaji tafsiri. Songwe nzima ilijua kuna mama wa Nanyala atakayemtolea ushahidi Gwamaka. Siri waliyoifunika kwa nikabu na jina la bandia ilifunguliwa na adabu ya mkwe mwema.

"Ulimwambia nani, Lwitiko?"

"Dada Goodness. Ni mtu mwema, afande, hawezi..."

"Ana ndugu kwenye malori?"

Lwitiko alishusha mikono. Uso wake ulibadilika rangi kadiri alivyofikiri. "Kaka yake," alisema polepole. "Kaka yake anaendesha lori la Gwamaka."

Anajilalia sakafuni kana kwamba hana kwao. Yonathani aliisikia sauti ya Goodness upya, na safari hii aliisikia vizuri. Ukumbi ulikuwa umefungwa jana mgeni alipotolewa. Waliomtoa ni yeye, Sabra na dereva. Mwanamke anayeishia ngazini ameyaona wapi matandiko ya sakafuni? Goodness alikuwa amelisema hilo mbele ya Yonathani, kikombe cha chai mkononi mwake, na yeye alikuwa anatazama kufuli la bafu.

Kisha akakumbuka uji.

* * *

Simu ya Ezron haikupatikana. Ya hospitali iliita mpaka ikakata. Chini, Bwana Bashiri aliwaambia Goodness ametoka kitambo na bajaji, kapu mkononi. Walipofika barabarani gari la polisi lilikuwa limezibwa mbele na lori la shaba, nyuma na lori la mbolea, na madereva wake walikuwa wamelala juu ya usukani wakisubiri mpaka wa nchi uwahurumie.

"Tutembee," alisema Sabra, na tayari alikuwa anakimbia.

Hospitali haikuwa mbali. Ilikuwa upande wa pili wa foleni, nyuma ya maduka ya kubadilishia fedha. Walikimbia katikati ya malori, kwenye kijia chembamba cha mafuta na vumbi. Wauza kwacha waliinua vichwa. Mama lishe aliyekuwa na sufuria ya maharage alisonya na kupisha. Lwitiko alikuwa mbele yao wote. Hakuna aliyemwambia aje, wala hakuna aliyemkataza, na pingu zilikuwa bado zinaning'inia kiunoni kwa Sabra. Yonathani aliuona mgongo wake ukipotea kati ya magurudumu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwaza kama mtuhumiwa anatoroka.

Alipofika kwenye korido ya wodi, ubavu ulikuwa unamchoma kama umepakwa pilipili. Aliona yote kwa mara moja. Konstebo Ezron amenyoosha mkono kumzuia Lwitiko, akitii amri aliyopewa: mwanaume asivuke. Mlango uko wazi. Ndani, Goodness ameketi ukingoni mwa kitanda, chupa ya uji wazi mezani, kikombe mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. Na Mama Ketrina, kichwa wazi kwenye mto, mvi zake fupi zimelala upande, mdomo umefunguka kidogo kama wa kinda.

"Mwache!" Yonathani alijaribu kupaza sauti. Ilitoka nusu. Ilitosha. Ezron alishusha mkono.

Lwitiko hakuingia.

Miguu ilikuwa imegoma mlangoni, kama ilivyogoma hotelini. Alisimama kwenye kizingiti, kifua kinapanda na kushuka, macho yameganda sakafuni. Yonathani alikuwa bado mbali, na Sabra alikuwa amejikwaa kwenye kitanda cha magurudumu nyuma yake. Yonathani alikielewa kizingiti kile kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo lile. Kijiko kilizamishwa kwenye kikombe, kikatoka kimejaa. Yonathani aliomba, kimoyomoyo, jambo ambalo hakuwahi kuliomba maishani: kwamba mtu akose adabu.

Mabega ya Lwitiko yalinyooka.

Aliinua kiganja cha kushoto kando ya uso, kama mtu anayejikinga jua, ili asimwone aliye kitandani. Akaingia, hatua fupi, zisizo na sauti. Sauti aliyoitoa ilikuwa ileile ya chumba cha juu.

"Samahani sana, mgeni wangu. Uji huu umepoa. Naomba nikuletee mwingine."

Mkono wake wa kulia ulishuka na kukishika kikombe. Goodness alikivuta. Lwitiko hakukivuta. Alikishikilia tu, imara, na tone moja halikumwagika. Kwa muda walitazamana juu ya kikombe kile, wafanyakazi wawili wa hoteli moja. Kisha Sabra alifika na kumshika Goodness kiwiko.

"Jamani, kuna nini?" Goodness alisema. Alikuwa bado anatabasamu. "Nimeruhusiwa. Inspekta mwenyewe kaniruhusu."

"Ni kweli," alisema Yonathani, akihema. "Ni mimi. Asubuhi ulituonjea chai, dada Goodness. Tukaona aibu kukushuku. Hebu tuonjee na uji."

Goodness alikitazama kikombe. Alimtazama Ezron, akautazama mlango, akarudi kwenye kikombe. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu. Hakuonja. Sabra alisubiri kidogo, kwa heshima, kisha akazitoa pingu kiunoni.

Lwitiko aliweka kikombe na kijiko juu ya kabati, pamoja na chupa, akavifunika kwa kitambaa cha mezani kwa ajili ya wapimaji. Halafu akatoka kinyumenyume, kiganja bado usoni. Huko koridoni aliketi chini, akauelekea ukuta, na mabega yakaanza kumtikisika. Mtu wa kwanza kumsogelea alikuwa Ezron, aliyempa leso bila kusema kitu.

Yonathani alibaki na mgonjwa. Shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu ya kichwa. Chini yake, sauti kavu, dhaifu, ya mtu aliyetoka mbali, iliuliza:

"Kesi ni lini?"

"Kesho, mama. Ila tunaweza kuomba iahirishwe."

"Isiahirishwe. Mtanibeba." Mkono ulilivuta shuka zaidi. "Nani aliyeingia humu?"

"Ni mkweo, mama. Amekuokoa."

Shuka halikutikisika. Yonathani alidhani amesinzia tena.

"Mimi sijamwona," ilisema ile sauti. "Nilikuwa nimefumba macho. Mwambie hivyo, asikie vizuri. Sijamwona leo, wala siku nyingine yoyote. Na yule dada mwenye chai aliniambia mkwe wangu anafanya kazi chafu, ndiyo maana hataki nimwone. Mwambie kazi yake ni nzuri. Mwambie nina njaa."

Yonathani alikwenda mlangoni. Hakuhitaji kurudia neno lolote. Lwitiko alikuwa amesikia kila kitu, lakini utaratibu ni utaratibu, kwa hiyo Yonathani aliurudia ujumbe wote, mwanzo hadi mwisho, akiuambia ukuta.

Lwitiko alijifuta macho, akasimama, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Mwulize, afande," alisema kwa sauti ya chini, bado ameupa mlango kisogo. "Anapenda uji wenye limau, au mtupu? Nitauacha hapa kizingitini."

Inspekta Yonathani Nzowa akageuka, akarudi kitandani, na kuuliza.